Stendi Kwanza, Kichomeo Baadaye: Jiko la Gesi kwa Sufuria Kubwa Korbesa

Meko, yaani kichomeo kinachofungwa juu ya mtungi wa gesi wa kilo 6, hufaa kabisa kwa chai ya nyumbani. Hatari huanza inapopandishwa juu yake sufuria ya maziwa ya ngamia ya kuuza, au pilau ya harusi. Lita 30 za maziwa zina uzito wa karibu kilo 31, kabla ya kuhesabu sufuria, na mzigo huo wote hutegemea kitako chembamba cha mtungi. Zaidi ya hayo, sufuria pana hurudisha joto chini kuelekea vali, mahali pasipotakiwa joto hata kidogo. Hoja ya kijitabu hiki ni moja: anayepika kwa wingi Korbesa na kwingineko Merti agharamie stendi kwanza, kichomeo kifuate.

Wanaotengeneza bia nyumbani kule Marekani huchemsha lita 20 na zaidi nje ya nyumba, mara nyingi kwa saa nzima, kwa gesi ya propani. Wengi wao hutumia stendi fupi na pana, kichomeo katikati, mtungi ukisimama kando kwa mpira mrefu. Korbesa haina haja ya bia, lakini uzito hauulizi ndani ya sufuria mna nini.

Kwa fundi wa kuchomelea atakayeunda stendi hiyo, swali la kwanza ni miguu. Miguu mitatu haiyumbi penye ardhi isiyo sawa, na ndiyo maana mafiga ni matatu. Hata hivyo, kutoyumba si sawa na kutopinduka. Chukua miguu iliyopangwa kwenye duara la upana wa sentimita 60. Ikiwa mitatu, kutoka katikati hadi ukingo wa kupindukia ni sentimita 15 tu. Ikiwa minne, ni takriban 21. Kwa sufuria nzito inayokorogwa kwa mwiko mrefu, tofauti hiyo ni kubwa. Kwa hiyo minne ni bora, mradi ardhi isawazishwe na kila mguu uchomelewe kibati bapa chini, usizame mchangani. Mabomba ya zinki yaepukwe: zinki ikiunguzwa na moto wa kuchomelea hutoa moshi unaoleta homa na maumivu ya kifua. Chuma cheusi cha pembe kinatosha.

Urefu nao una mipaka. Stendi ndefu huokoa mgongo wa mpishi, lakini humlazimu kuteremsha maziwa yanayochemka kutoka usawa wa kifua. Mdomo wa sufuria usipite kiuno. Wengine huweka koki chini ya sufuria ili wasiinue kitu. Kwa maji ni wazo zuri, kwa maziwa si zuri, kwa sababu mabaki hujificha ndani ya koki na kuchacha. Upawa ni salama zaidi.

Nafasi kati ya kichomeo na kitako cha sufuria ndiyo inayoamua gesi inakwendaje. Moto ukibanwa mno hukosa hewa, hugeuka manjano, hupaka masizi na kutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Ukiwa mbali mno, upepo huuchukua. Mwombe fundi atoboe matundu kadhaa kwenye miguu, kichomeo kipandishwe au kishushwe kwa boliti mpaka moto uwe wa buluu na ncha zake ziguse sufuria. Kinga ya mabati izunguke pande tatu tu, chini pawe na nafasi ya hewa, na mtungi ubaki nje yake.

Kuna watakaosema kuni ni bure na gesi ni ghali. Kuchemsha lita 20 za maji kunahitaji takriban robo kilo ya gesi, iwapo nusu ya joto itaingia sufuriani. Upepo wa uwanda huu usipokingwa hupunguza nusu hiyo, na gharama hupanda bila mtu kuuona mkono unaoiongeza. Tena maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya brusela. Kuyafikisha nyuzi 72 kwa sekunde 15, au 63 kwa nusu saa, huua vijidudu hivyo, na moto unaoongezwa na kupunguzwa kwa mkono hurahisisha kupima hilo kuliko kuni. Wengine watauliza: si mawe matatu yanatosha? Mawe hayazuii kichomeo kuteleza, wala mpira kukanyagwa.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa chini na kukaa mabondeni. Mtungi usimame wima, umbali wa mita moja na nusu au zaidi, upande unakotoka upepo. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, jaza sufuria maji baridi, ipandishe, isukume kwa nguvu kutoka kila upande. Kisha fungua gesi bila moto na upake povu la sabuni kwenye viungo vyote. Penye mapovu, funga vali na ukaze upya.