Ukipiga 999, Nani Hupokea?

Kijitabu kwa vijana wa Shimanzi wanaoitaka kazi ya kupokea simu za dharura na kuongoza vikosi vya polisi

Kijitabu hiki hakiuzwi. Kimeandikiwa vijana wa Shimanzi, Makande, Tononoka, Majengo na Mji wa Kale waliomaliza kidato cha nne na sasa wanatafuta pa kushika, pamoja na wazazi wao. Kinaeleza kazi ambayo wengi hawajui hata kama ipo. Ni kazi ya kukaa mbele ya simu na redio, kumsikiliza mtu usiyemjua akiwa katika saa yake mbaya kabisa, na kumfikishia askari, zimamoto au ambulensi kabla maji hayajazidi unga.

Nambari yenyewe

999 ni nambari kongwe. Ilianza London mwezi Juni 1937. Miaka miwili kabla ya hapo, nyumba moja katika mtaa wa Wimpole Street ilishika moto wanawake watano wakafa, na jirani aliyejaribu kupiga simu kuomba msaada akawekwa kwenye foleni ya kubadilishiwa laini kama mtu anayetaka kumsalimu shangaziye. Kenya iliirithi nambari hiyo kutoka kwa Waingereza. Mwaka 1998 laini ikafa, ikarudishwa 2013, mwaka ule ule wa shambulizi la Westgate. Kwa hiyo kuna watu wazima Mombasa waliolelewa pasipo nambari ya dharura, na ndiyo sababu baba yako nyumba ikiungua hukimbilia kumpigia ami yake kwanza.

Mwaka 2014 serikali iliipa Safaricom kandarasi ya kujenga mfumo mpya wa mawasiliano ya polisi pamoja na kamera 1,800 za barabarani, na miji iliyochaguliwa ilikuwa miwili tu, Nairobi na Mombasa. Hizo ndizo kamera unazoziona juu ya nguzo kwenye makutano ya barabara.

Ukipiga 112 au 911 utafika pale pale. Nambari 112 ina faida moja: imo katika kanuni za simu za mkononi duniani, kwa hiyo simu yako huweza kuipiga kupitia mtandao wowote ulio karibu hata kama wako umepotea.

Kwanza mahali

Watu hudhani swali la kwanza ni "Kumetokea nini?" Opareta mzoefu huanza na "Uko wapi?" Simu ikikatika ukiwa unajua mahali tu, bado unaweza kutuma gari. Ukijua kisa kizima na mahali hupajui, huna msaada wowote wa kutoa.

Hapa ndipo mtoto wa kisiwani anapomshinda mwenye cheti kikubwa. Anwani zetu si za nambari. Mtu atakwambia yuko "nyuma ya godauni la chai", "pale penye mkwaju", "kwa Mzee Fulani muuza mahamri". Na majina nayo hurudiwarudiwa. Makadara ipo Mombasa na ipo Nairobi. Bondeni ipo hapa kisiwani na ipo Nakuru. Majengo ziko nyingi, na karibu kila mji wa Kenya una yake. Anayepokea simu bila kuuliza "Majengo ya wapi?" anaweza kupeleka gari mahali ambapo hakuna hata moshi.

Tazama mazungumzo haya. Tumeyatunga kwa ajili ya mafunzo, lakini ndivyo simu nyingi zinavyoanza.

"Mwanangu, moto! Moto huku kwetu!"
"Nakusikia, mama. Uko mtaa gani?"
"Hapa kwetu, nyuma ya msikiti."
"Msikiti gani, mama?"
"Wa Mandhry! Mtungi wa gesi umelipuka jikoni kwa jirani."
"Mandhry, Mji wa Kale. Kuna mtu amebaki ndani?"
"Nyanyake, yuko ghorofani, hawezi kushuka."
"Zimamoto wanaitwa sasa hivi, mama, usikate simu. Wewe mwenyewe uko wapi?"
"Niko barazani."
"Ondoka barazani, nenda mbali na ukuta. Kuna kijana hapo karibu? Mtume asimame barabarani awaongoze wazima moto, maana gari halitaingia kichochoroni."

Angalia mambo mawili. Opareta hakusema "tulia" hata mara moja. Mtu anayeona moto hatulii kwa kuambiwa atulie, hutulia akipewa jambo la kufanya. Pili, alijua kwamba vichochoro vya Mji wa Kale vilijengwa kwa watu na mikokoteni, kwa hiyo alipanga mapema gari lisimame wapi na nani atawaonyesha wazima moto njia. Ujuzi huo hutokana na kutembea kwa miguu mtaani, na hakuna kompyuta itakayokupa.

Jambo la tatu halionekani katika mazungumzo. Tangu Katiba ya 2010, kuzima moto na huduma ya ambulensi ni kazi za kaunti, na polisi ni wa serikali ya kitaifa. Opareta wa polisi anayepokea habari ya moto lazima aipeleke upande wa pili bila kumwambia mama yule apige nambari nyingine.

Shimanzi na mafuta

Kwetu kuna jambo ambalo mitaa mingine haina. Shimanzi ni gati la mafuta, matangi, mabomba, reli, magodauni na malori ya kubebea mafuta yaliyopangana kando ya barabara usiku na mchana. Katikati ya hayo yote kuna watu wanaoishi, wanaopika na wanaouza vitafunio.

Septemba 12, 2011 petroli ilivuja kutoka kwenye bomba katika kijiji cha Sinai, eneo la viwanda la Nairobi. Watu wakaja na ndoo. Moto ulipowaka, walikufa zaidi ya 100. Sachangwan, Januari 2009, ilikuwa hivyo hivyo, na lori la mafuta la Morogoro, Tanzania, Agosti 2019, vile vile. Mara zote tatu mafuta yalimwagika kwanza, watu wakakusanyika, ndipo moto ukaja. Dakika zile za katikati ni za opareta. Simu inayosema "lori limeanguka, watu wanachota" ni simu nzito kuliko nyingi zinazopigwa kwa kelele.

Cha kwanza ni kumwondoa mpigaji hapo, azungumze akishafika mbali. Asimame upande upepo unakotoka. Msimu wa kusi na msimu wa kaskazi haiupeleki mvuke wa petroli upande mmoja, na opareta wa pwani anayejua upepo wa mwezi huu atamwelekeza mtu vizuri zaidi. Kisha amuulize kama ameona kibao cha rangi ya machungwa kwenye lori na tarakimu nne za chini yake, bila kumrudisha akasome. Tarakimu 1203 ni petroli, 1202 dizeli, 1223 mafuta ya taa, 1075 gesi ya kupikia. Wazima moto wakizijua tarakimu hizo njiani, hufika wakiwa tayari na povu badala ya maji matupu.

Mpokeaji na mwelekezaji

Katika chumba kikubwa kazi hii hugawanywa. Mmoja hupokea simu, huuliza na kuandika. Mwingine hukaa kwenye redio, anajua ni gari lipi la doria lililo Makupa na lipi liko Kizingo, anachagua la kutuma na kulifuatilia hadi liseme limefika. Katika kituo kidogo mtu mmoja hufanya yote, tena huku mlango wa ripoti ukiwa na foleni.

Redio ina adabu zake. Unabonyeza, unangoja kidogo, ndipo unasema, ukianza na jina la unayemwita. Maneno ni machache. Nambari ya gari hutamkwa kwa herufi za redio: KDB ni Kilo Delta Bravo, kwa sababu B, D na P kwenye redio yenye mkwaruzo ni sauti moja. Saa huandikwa kwa mtindo wa saa 24, na hapa wengi hukosea. Mama akisema "tangu saa mbili usiku", kitabu cha matukio, kile OB cha kila kituo, kiandikwe 2000. Aliyeandika 0200 amesogeza tukio saa sita mbele, na wakili atalikumbuka hilo siku ya kesi.

Njia ya kuingia

Uingereza na Marekani, wengi wa wanaopokea simu hizi ni raia wa kawaida wasio na bunduki wala kiapo cha polisi. Kenya anayepokea 999 ni askari. Kwa hiyo usitarajie tangazo gazetini lisemalo "anatakikana opareta wa 999". Utaingia polisi kwanza, utafunzwa chuoni, Kiganjo kule Nyeri au kambi nyingine, kisha upangiwe kazi. Ukiwa na mkono mwepesi wa kuchapa, sauti inayosikika na akili isiyoyumba, wajulishe wakubwa wako mapema kwamba hiyo ndiyo kazi unayoiweza.

Matangazo ya miaka ya karibuni yametaka raia wa Kenya wa miaka 18 hadi 28, mwenye wastani wa D+ katika KCSE na D+ ya Kiswahili au Kiingereza, afya njema, kimo kinachotakiwa na rekodi safi isiyo na hatia ya jinai. Soma tangazo la mwaka wako, kwa kuwa masharti hubadilika. Kujiunga ni bure. Anayekwambia nafasi ina bei ni tapeli au mla rushwa, na Sheria ya Rushwa ya 2016 inamhukumu mtoaji sawa na mpokeaji. Mzazi, usiuze shamba.

Maoni yetu ni kwamba sharti la kimo linawafungia nje watu wenye masikio mazuri. Kazi ya simu hufanywa kwa kukaa. Kwa bahati kuna milango mingine. Msalaba Mwekundu wa Kenya una ambulensi zake na nambari 1199, na kwenye vyumba vya aina hiyo mtu aliyesomea huduma ya kwanza na uuguzi wa dharura ana nafasi. Makampuni ya ulinzi yana vyumba vya redio vinavyopokea kengele za nyumba na maduka usiku kucha, na wafanyakazi wa ulinzi husajiliwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Kibinafsi ya 2016. Upande wa bahari kuna Walinzi wa Pwani, makao yao Liwatoni, waliozinduliwa Novemba 2018, na kituo cha kuratibu uokoaji baharini kilichofunguliwa hapa Mombasa mwaka 2006. Huko nahodha mwenye shida hasikiki kwa simu, husikika kwenye redio, chaneli 16. Mtoto wa mvuvi anayejua majina ya mikondo na miamba asilidharau hilo.

Siri

Utasikia mambo ya watu. Utasikia mume wa jirani, mwalimu wako wa madrasa, binti wa rafiki wa mamako. Kisiwa hiki ni kidogo na baraza zake zina masikio. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakataza kutoa habari za mtu ulizozipata kazini, lakini hata isingekuwapo, neno moja likitoka tu hakuna mama wa Kibokoni atakayepiga simu tena. Asiyeweza kufunga mdomo atafute kazi nyingine.

Na tuseme wazi: wengi wa Pwani wanaogopa kupigia polisi. Wana sababu zao, wameona vijana wakichukuliwa na wasirudi. Opareta hawezi kuyafuta hayo. Anachoweza ni kumjibu mwenye hofu kwa heshima, kumwita mama, shekhe, kaka au dada inavyostahili, na kutomuuliza kabila wala jina la baba kabla ya kumuuliza kama anavuja damu. Raia aliyedhulumiwa na askari ana mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, kwa nambari 1559.

Usiku wa kazi hii ni mrefu na mengine utayabeba hadi nyumbani. Waliodumu ni wale waliokubali kuzungumza na mshauri au na wenzao mapema. Kunyamaza kiume kumewaangusha wengi.

Anza sasa

Huhitaji kungoja tangazo. Tembea kisiwa chako kwa miguu kutoka Makupa hadi Ngome Yesu na ujue kila msikiti, kila kanisa, kila shule, kila kichochoro kinachozibwa na mkokoteni. Jifunze kuchapa bila kutazama vidole. Hudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu au St John. Zoea kusikiliza Kigiriama, Kisomali, Kijaluo na Kikamba hata kama huvisemi, utambue tu mtu anataja damu au moto. Mwenzako akikupa habari, irudie kwa sentensi moja umsikie kama atasema "ndivyo".

Na wewe usiyeitaka kazi hii, usipige 999 kwa mchezo. Kutoa habari ya uongo kwa mtumishi wa umma ni kosa chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake ni hadi miaka mitatu. Wafunze watoto wasiichezee simu ya mzazi. Ukipiga kwa kweli, taja mahali kwanza, jibu unaloulizwa, na usikate mpaka uambiwe.

Nambari za kubandika mlangoni: polisi 999, 112 au 911. Ambulensi ya Msalaba Mwekundu 1199. Mtoto aliye hatarini 116. Dhuluma za kijinsia 1195.