Huogopi hakimu, unaogopa sanduku la barua

Mama, mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Columbus, Ohio, na mume wangu na watoto wetu wawili. Nina kadi ya ukaazi, kazi yangu ni kuhudumia wazee. Mwezi uliopita nilikwenda Roanoke, Virginia, na kurudi siku hiyohiyo, kumpelekea mdogo wangu dola 1,400 za kodi ya nyumba. Wakati wa kurudi askari alinisimamisha kwenye barabara ya I-81: maili 91 penye kikomo cha 70. Akaniandikia karatasi, nikatia sahihi. Wenzangu wengine wanasema tiketi ya jimbo la watu haina nguvu huku kwetu, niitupe. Wengine wanasema nilipe mtandaoni yaishe. Lakini anuani iliyo kwenye leseni ni ya nyumbani, na sanduku la barua hulifungua mume wangu kila siku akitoka kazini. Yeye anajua siku ile nilikuwa zamu. Je, naweza kuiomba mahakama barua zangu zipelekwe kwa shoga yangu? Mume wangu alishasema jina la mdogo wangu asilisikie tena nyumbani, nami nilinyamaza kwa ajili ya amani.

Mwenye wasiwasi, Columbus

Mwanangu, barua yako ilikuwa ndefu kuliko hivi. Nimeikata kwa sababu nusu yake ilikuwa ya kumtetea mdogo wako, na yeye hakusimamishwa na askari yeyote.

Tuanze na hiyo karatasi, maana naona hujaisoma. Itoe ulikoificha, tazama sehemu iliyoandikwa kosa. Virginia wana sheria yao, kifungu cha 46.2-862: ukipita maili 85 kwa saa, au ukizidi kikomo kwa maili 20, hilo haliitwi tena mwendo kasi. Linaitwa kuendesha kwa uzembe, na ni kosa la jinai. Kifungo chake hadi miezi 12, faini hadi dola 2,500, na hakimu anaweza kukuzuia kuendesha gari ndani ya jimbo hilo kwa miezi hadi 6. Wewe umevunja kwa pande zote mbili: 91 imepita 85, tena imezidi 70 kwa maili 21. Huku kwetu tunahesabu kwa kilomita. Ni kama 146 kwa saa, mama wa watoto wawili. Hilo nimelisema mara moja, silirudii.

Kwa hiyo ulichotia sahihi ni samansi. Sahihi yako si kukiri kosa, ni ahadi kwamba utafika mahakamani siku iliyotajwa. Kosa la namna hii halilipiwi mtandaoni yakaisha. Na wale wa "itupe", waambie wakatupe za kwao. Virginia na Ohio zote zimo katika makubaliano ya kupashana habari za madereva. Ukitiwa hatiani kule, Ohio itajua, na kampuni ya bima haitakuwa nyuma. Hata tiketi ndogo ya faini tu, majimbo 44 pamoja na Washington DC yamekubaliana kwamba asiyeijibu leseni yake ifungiwe na jimbo lake mwenyewe mpaka aijibu. Yako ni kubwa kuliko hiyo: usipotokea, hakimu anaweza kutoa hati ya kukukamata, na hati hiyo itakungoja siku nyingine askari akuulize leseni kwa taa mbovu tu.

Tafuta wakili wa hukohuko Virginia, anayesimama mbele ya mahakama hiyohiyo kila wiki. Mara nyingi anaweza kusimama badala yako usilazimike kusafiri. Muulize kuhusu kusoma kozi ya udereva kabla ya siku ya kesi na kupima kipimamwendo cha gari. Mahakimu wengi kule huyatazama hayo, na wapo wanaolishusha kosa likawa la mwendo kasi wa kawaida. Mwambie tangu mwanzo kwamba wewe si raia, na ongea pia na wakili wa uhamiaji. Siku ukijaza fomu ya uraia utaulizwa kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa na askari, na waajiri wa kazi yenu ya wazee nao hupekua rekodi za jinai.

Hayo wakili atakueleza vizuri kuliko mimi. Sasa njoo hapa tukae.

Umeniuliza habari ya mahakama kwa sentensi mbili. Sanduku la barua umelieleza mpaka saa ya kufunguliwa. Mtu anayeogopa kufungwa huuliza atafungwa miezi mingapi. Wewe umeuliza bahasha itaanguka mkononi mwa nani. Basi nikupe habari mbaya. Virginia majina ya walioshtakiwa kwa makosa ya barabarani yako wazi, na mawakili huyachukua wakawaandikia watu kwa posta kutangaza kazi zao. Barua hizo hazina uhusiano na mahakama, na hakuna wa kumwomba azielekeze kwa shoga yako. Zinakuja zenyewe, moja, tatu, sita, kila moja na jina la kampuni ya mawakili wa Virginia pembeni mwa bahasha. Sitashangaa ikiwa mumeo ameshaziona na ananyamaza kwa ajili ya amani, kama wewe. Na kuipa mahakama anuani usiyokaa ni kujitafutia kukosa taarifa ya kesi yako mwenyewe.

Sasa niambie. Dunia hii ya leo hela hutumwa kwa simu kabla chai haijapoa. Wewe umezibeba kwa gari, saa tano na ushei kwenda, saa tano na ushei kurudi. Kwa nini? Kwa sababu za simu zingeonekana kwenye akaunti mnayoitumia wote wawili. Ukachagua siku ya zamu ya saa 12, ukapiga hesabu ya kuwa mlangoni jioni kama mtu aliyetoka kazini. Hapo ndipo maili 91 zilipotoka. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilikuwa na maili zaidi ya 600, na bado haikutosha.

Usidhani nipo upande wa mumeo. Kumsaidia ndugu wa tumbo moja si aibu, na kama nyumba yenu ni ya Kiislamu, jambo hili halina hata mjadala: mshahara wa mke ni wa mke. Nami ninachokukasirikia si dola 1,400. Nakukasirikia ule mstari wa mwisho. Mwanamume alisimama sebuleni, kwenye nyumba ambayo kodi yake nawe unaitolea jasho kwa kuwageuza wazee kitandani, akapiga marufuku jina la mtoto wa mama yako. Ukanyamaza. Yeye akaelewa umekubali, wewe moyoni ukajua hukukubali, na tangu siku hiyo mnaishi katika nyumba mbili zenye mlango mmoja.

Amani gani hiyo? Nimeliona neno hili katika barua nyingi mno, na karibu zote zimeandikwa na wanawake. Mwanamke akisema "nilinyamaza kwa ajili ya amani" mara nyingi maana yake ni kwamba aliogopa ugomvi wa robo saa, akauahirisha ukawa wa miaka. Siku ile ungesema, "Baba Fulani, huyu ni ndugu yangu, nitamsaidia kwa kilicho changu, tukubaliane kiasi," mngegombana. Angesusa chakula. Kesho yake angekula. Badala yake umempa haki asiyokuwa nayo: akigundua, hatasema "mke wangu kamsaidia nduguye." Atasema "mke wangu alinidanganya siku nzima, alikuwa jimbo jingine." Na hapo atakuwa mkweli kabisa. Halafu ataanza kuzihesabu zamu zako zote za nyuma, na wewe utakuwa huna cha kumjibu, hata zile ulizofanya kwelikweli mpaka mgongo ukakufa.

Na huyo mdogo wako naye, kijana mzima, alishindwa nini kupanda basi kuzifuata? Anajua kwamba dada yake ana kesi ya jinai kwa ajili ya kodi yake? Nimeitafuta sentensi hiyo katika barua yako yote na sikuiona. Kwa hiyo naye unamficha. Mume anafichwa, ndugu anafichwa, mwajiri atafichwa, na aliyebeba yote hayo ni mtu mmoja anayelala saa nne tu kwa siku.

Mwambie mumeo leo, watoto wakishalala. Usianze na askari. Anza na Roanoke: "Siku ile sikuwa zamu. Nilikwenda kumpelekea mdogo wangu kodi, na nilikuficha." Kisha mwekee karatasi mezani aisome mwenyewe. Usilie kwanza, maana ukilia atakubembeleza na mazungumzo yataishia hapo. Akifoka, mwache afoke. Akimaliza, na hili ndilo gumu, usiombe msamaha kwa kumsaidia ndugu yako. Omba msamaha kwa uongo tu. Kisha mwambie kwamba jina la ndugu yako litatajwa ndani ya nyumba hiyo kuanzia usiku huo, na mpange pamoja ni kiasi gani kwa mwaka kinaweza kutoka, na kikiisha kimeisha, hata akipiga simu analia.

Asubuhi mpigie wakili. Gharama yake huenda ikawa mamia ya dola au ikapita elfu, kwa hiyo muulize kabla hujakubali kama inalipwa kwa mafungu. Halafu mpigie mdogo wako, mtajie kiasi hicho, na umuulize fungu lake analeta lini. Safari hii aje nalo yeye, Columbus, agonge mlango akiwa shemeji yake yupo.