Maradhi ya Nafsi na Mwalimu wa Ushauri

Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijria (934), alitunga kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Humo alieleza kuwa nafsi huugua kama mwili uuguavyo: kwa ghadhabu, khofu, huzuni na wasiwasi.

Nasi leo, ndugu zangu, mtoto akinyamaza, asile wala asilale, twasema ana shetani, au imani yake ni dhaifu. Hupungwa, au hupigwa, ijapokuwa fimbo ilikatazwa katika shule za Kenya tangu 2001.

Kwa nini asipelekwe kwanza kwa mwalimu wa ushauri nasaha? Kazi ya mwalimu huyo si kuhukumu. Ni kusikiliza, na akiona dhiki imepita maneno, kumfikisha mtoto kwa tabibu. Asemaye kuwa atamani kufa asianziwe na hukumu ya haramu. Aulizwe kwa upole, wala asiachwe peke yake.

Siri zake ni amana, isipokuwa pale roho inapokhofiwa: hapo wazazi waambiwe. Na katika shule nyingine mshauri ndiye huyo huyo ashikaye nidhamu. Mtoto atamfunguliaje moyo mtu aliyemwadhibu asubuhi? Wasimamizi wa shule zetu na wazitenge kazi hizi mbili.