Somo kwa Wazazi na Walimu: Kijana na Kichocho

Soma: 2 Wafalme 5:1–14



Katika habari ya Naamani twamwona jemadari mwenye farasi na magari, naye ana ukoma. Lakini aliyejua njia ya kupona ni msichana mdogo, mateka, mtumishi wa nyumbani. Alijua, akanena, nao wakubwa wakamsikiliza. Likikosekana moja katika mambo hayo matatu, ujuzi wakaa bure. Leo tuyatazame kwa vijana wetu, tukitwaa mfano wa ugonjwa mmoja, ndio kichocho.

1. Ugonjwa wenyewe

Kichocho chaletwa na minyoo midogo ikaayo katika mishipa ya damu. Theodor Bilharz, mganga Mjerumani, aliigundua huko Cairo mwaka 1851. Mgonjwa akienda haja majini, mayai huanguliwa, na vijidudu vitokavyo huingia katika konokono wa majini. Baada ya majuma kadhaa hutoka humo vijidudu vingine visivyoonekana kwa macho, hasa wakati wa jua kali, navyo hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache. Kichocho cha tumbo ni kingi kando ya Ziwa Victoria. Kichocho cha mkojo chapatikana katika mabwawa na majaruba ya mpunga ya Usukuma, na katika Unguja na Pemba. Hicho hutoa damu katika mkojo, na kikikaa miaka mingi chaweza kuharibu figo, hata kuleta saratani ya kibofu.

2. Kukariri si kuelewa

Mwulize mwanafunzi darasani habari za kichocho, atakujibu vema. Jioni utamkuta bwawani akioga. Tusimwite mjinga. Labda kwao hakuna maji mengine. Labda wenzake wote wamo majini, naye aogopa kuchekwa. Neno analijua, lakini njia ya kulitenda hana.

Tena liko jambo zito zaidi. Mahali pengine wavulana wakiona damu katika mkojo hudhani ni dalili ya kukua, kama hedhi ya wasichana. Hivyo ugonjwa wahesabiwa kuwa heshima. Kwa msichana, mayai yaweza kukaa katika njia ya uzazi na kuleta vidonda, damu na maumivu. Naye hunyamaza, maana aogopa kudhaniwa kuwa ana ugonjwa wa zinaa, ingawa kichocho hutoka majini. Basi mmoja anyamaza kwa fahari, mwingine kwa aibu, na wote wawili ni wagonjwa.

3. Wakubwa wasipoelezwa

Dawa iko, nayo ni prazikwanteli. Huua minyoo iliyokomaa, lakini haimkingi mtu akirudi majini. Yaweza kuumiza tumbo na kutapisha, hasa kwa mwenye njaa. Kwa hiyo watu huagizwa kula kwanza. Mwaka 2008, dawa hiyo ilipogawiwa mashuleni huko Morogoro, uvumi ulienea kwamba watoto wamekufa, na wazazi wakakimbilia shuleni kwa hofu na hasira. Tusiwacheke. Mzazi asiyeelezwa mapema atauamini uvumi, na mtoto asiyeelewa hawezi kumtuliza mzazi wake. Ujuzi wa kijana haukui peke yake. Hukua au hukauka kwa namna ya nyumba yake, rafiki zake, mwalimu wake, na siku hizi simu yake pia.

4. Yatupasayo

Dr. Luther, akieleza Amri ya Tano katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, afundisha kwamba haitoshi kutomdhuru jirani. Yatupasa kumsaidia katika mahitaji ya mwili wake. Basi, mwalimu wa kipaimara, fanya hivi:

Kwanza, tenga siku moja kwa jambo hili, wavulana peke yao, na wasichana pamoja na mama anayeaminika.

Pili, kila mmoja aeleze kwa maneno yake mwenyewe, asirudie maneno yako tu. Aulizaye asichekwe.

Tatu, mwenye dalili aende zahanati akapimwe. Mkojo wa adhuhuri wafaa zaidi, maana ndipo mayai hutoka mengi.

Nne, wazazi na waulize habari za dawa kabla ya siku ya kugawiwa. Kuuliza si utovu wa heshima.

Tano, wazee wa usharika washauriane juu ya vyoo na kisima, ili kijana apate njia ya kulitenda alijualo.

Maswali ya kuzungumza

1. Vijana wetu huoga wapi, na kwa nini huko?
2. Kijana akiona damu katika mkojo wake, atamwambia nani?
3. Katika nyumba ya Naamani mtoto alinena, akasikilizwa. Je, katika nyumba zetu?