SOMO: Moteri ya mazutu inayokawia kupata moto



Kwenye vilima vya Lubero na Masisi baridi ya asubuhi iko kali, na ndiyo saa gari ya koperative inatoka na viazi kwenda soko. Moteri inawaka, lakini kisha ya kilometa kumi mshale wa joto ungali chini, moshi mweupe unatoka na mazutu inakwisha mbio. Wengine wanasema: "Afadhali hivyo kuliko kuchemka." Tuone kwanza hasara yake, kisha tutafute chanzo.

Hasara ni gani?

Moteri ya mazutu haina cheche. Hewa inayokazwa ndani ya silinda inapata moto, na moto huo ndio unawasha mazutu. Silinda zikikaa baridi, mazutu haiungui yote. Inayobaki inaosha mafuta kwenye ukuta wa silinda na kushuka kwenye karteri. Mafuta yanakuwa mepesi, hayalindi tena, na segmenti zinalika pole pole. Kurudilia moteri mzima kunaweza kumaliza sanduku la koperative, lakini termostati ni chombo kidogo cha bei ndogo.

Tusichanganye magonjwa mawili

Kama moteri inakataa kuwaka asubuhi, angalia batri, bugi za kupasha moto na mazutu. Kama inawaka vizuri lakini inakawia kupata moto, tafuta upande wa maji.

Tujue tena: moteri ya mazutu ikisimama inazunguka bure, inapata moto kidogo sana. Hiyo si ugonjwa. Kisha ya dakika moja ao mbili, endesha pole pole bila kukaza moteri. Ndipo upime.

Termostati inafanya nini?

Ni kama mlango wa maji. Moteri ikiwa baridi, mlango unafungwa na maji yanazunguka ndani ya moteri tu. Joto likifikia degre 80 na kitu, unafunguka na maji yanaenda kwenye radiateri kupozwa. Mlango ukikwama wazi, maji yanapozwa tangu mwanzo.

Vipimo vitano, kwa utaratibu

1. *Uliza historia.* Ilianza lini? Kuna mekanisie aliyetoa termostati? Hicho ndicho chanzo cha mara nyingi.

2. *Angalia maji, moteri ikiwa baridi.* Usifungue kifuniko cha radiateri ikiwa na moto: maji yanaruka na kuunguza. Maji yakipunguka, mshale unaweza kudanganya.

3. *Gusa tiyo kubwa ya juu ya radiateri.* Washa moteri, endesha dakika chache, zima, gusa. Kwa moteri nyingi, tiyo hiyo inapaswa kukaa baridi, halafu kupata moto kwa mara moja wakati mlango unafunguka. Ikianza kupata moto pole pole tangu mwanzo, termostati iko wazi ao haiko.

4. *Chemsha termostati.* Moteri ikiisha kupoa, itoe, ifunge kamba, itundike ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini. Ndani ya maji baridi lazima ifungwe kabisa. Pasha maji: inapaswa kuanza kufunguka karibu na namba ya degre iliyoandikwa juu yake. Kwenye meta 2,000 maji yanachemka kwa degre 93 hivi, kwa hiyo termostati ya degre 82 inafunguka mbele maji hayajachemka. Ikiwa wazi ndani ya maji baridi, nunua ingine ya namba ileile, na joe mpya pia.

5. *Angalia ventilateri na mshale.* Ventilateri inayovuma kwa nguvu bila kupumzika inaweza kuwa imekwama. Na kama tiyo inaunguza mkono lakini mshale uko chini, ugonjwa uko kwenye sonda ya joto ao waya yake.

Tusiondoe termostati

Watu wanaitoa kwa kuogopa moteri kuchemka mlimani. Lakini kwa moteri nyingi, bila termostati sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye radiateri. Hivyo moteri inakaa baridi kwenye mteremko, na inaweza kuchemka kwenye mpando. Kama ilikuwa inachemka, dawa ni kutafuta sababu: radiateri iliyoziba, mkanda uliolegea, pompe ya maji.

Na katoni mbele ya radiateri? Inasaidia asubuhi, lakini haiponyeshi kitu. Shofere akiisahau na mzigo uko mlimani, moteri itaungua.

Maulizo ya kujadiliana katika kikundi

- Gari ao kinu chetu kina termostati? Nani aliiona kwa macho?
- Nani anaandika kila juma mazutu iliyotumika na kilometa?
- Mafuta ya moteri yananusa mazutu, ao yanapanda kwenye kijiti cha kupimia? Kama ndiyo, tubadilishe mafuta na tuanze vipimo mbele ya safari inayofuata.