SOMO LETU: KIFAA CHENYE "AKILI" NA KIFAA CHA KAWAIDA, KIPI KINAMFAA MFANYAKAZI?



Somo la safari hii limetokana na swali lililoletwa kwenye darasa letu la jioni na mwenzetu wa idara ya kukausha majani ya chai. Binti yake anafanya kazi za nyumbani huko Oman. Alipokuja likizo alimletea baba yake sanduku lenye balbu mbili, soketi moja na kamera ndogo, vyote vya aina ile inayoendeshwa kwa simu ya mkononi. Siku chache baadaye mfanyabiashara mmoja wa mjini akamshauri kwamba, kwa kuwa ameshaanza, amalizie: anunue kitasa cha mlango kinachofunguliwa kwa simu pamoja na kamera nyingine tatu, alipe kidogo kidogo kwa miezi kumi. Wizi umezidi kambini, na mwenzetu alikuwa tayari kwenda kukopa kwenye chama cha akiba na mikopo. Lakini kabla ya kutia sahihi akatuuliza: "Ndugu zangu, vitu hivi vina faida kweli, au nitalipia sifa tu?"

Swali hilo si la mtu mmoja. Vifaa hivyo vinaenea kila mwaka, na mshahara wa miezi kumi ukishafungwa kwenye deni haufunguki kwa simu. Tulijifunza jambo hili jioni tatu. Haya ndiyo tuliyoyapata.

1. Tunazungumzia vitu gani?

Kifaa cha kawaida hufanya kazi kwa mkono wa mwenyewe. Unabonyeza swichi, taa inawaka. Unazungusha ufunguo, mlango unafunguka. Kifaa kinachoitwa chenye akili hufanya kazi ile ile, ila kimeongezewa kompyuta ndogo na redio ndani yake, ili kiweze kupokea amri kutoka kwenye simu, au kwa sauti ya mtu, au kwa saa iliyopangwa. Ziko balbu, soketi, vitasa, kamera, kengele za mlango, na huko kwenye nchi za baridi viko vidhibiti vya joto vya nyumba.

Tusiseme kwamba vitu hivi ni upuuzi. Ni kazi ya mafundi hodari. Lakini mfanyakazi anapotazama mashine mpya kiwandani haulizi tu kama ni mpya. Huuliza inafanya kazi gani, inakula nini, ikiharibika nani ataitengeneza, na swichi yake iko mkononi mwa nani. Nyumbani pia tuulize hivyo hivyo.

2. Akili hiyo inakaa wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Watu wengi hudhani akili imo ndani ya balbu. Kwa vifaa vingi sivyo. Ukibonyeza simu yako ukiwa umeketi mita mbili kutoka kwenye taa, mara nyingi amri yako husafiri kwa intaneti mpaka kwenye kompyuta kubwa za kampuni, pengine katika bara jingine, kisha hurudi mpaka kwenye taa yako. Kompyuta zile zikisimama, au intaneti ikikatika, au kampuni ikiamua kufunga kazi, akili imeondoka. Kinachobaki ukutani ni umbo tu.

Viko vifaa vingine ambavyo akili yake imo ndani ya nyumba yenyewe, navyo huendelea kufanya kazi hata bila intaneti. Tofauti kati ya aina hizi mbili ni kubwa kuliko tofauti ya bei au ya rangi, lakini aghalabu haiandikwi kwa herufi kubwa juu ya boksi. Ni juu ya mnunuzi kuuliza.

3. Hesabu ya umeme

Muuzaji husema kwamba balbu ya simu hupunguza bili. Tupige hesabu wenyewe. Tuchukue taa inayowaka saa 5 kila usiku.

Balbu ya zamani ya waya, ya wati 60, hutumia uniti 0.3 kwa siku, yaani uniti 109 na nusu kwa mwaka.

Balbu ya kawaida ya LED, ya wati 9, hutumia uniti 0.045 kwa siku, yaani kama uniti 16 na nusu kwa mwaka.

Balbu ya LED ya simu, nayo ya wati 9, hutumia kiasi hicho hicho inapowaka. Lakini redio yake hailali. Hata taa ikiwa imezimwa kwa simu, balbu hubaki macho ikingoja amri. Tukichukua kwamba inakula nusu wati kwa saa 19 zilizobaki, kwa mwaka itatumia karibu uniti 20.

Ndugu msomaji, tazama vizuri. Faida kubwa imetoka kwenye LED wala haikutoka kwenye simu. Aliyeacha balbu ya waya akanunua LED ya kawaida ameshapata faida karibu yote, na bili yake ni ndogo kuliko ya mwenye balbu ya simu. Balbu ya simu itamfaa kwa umeme yule tu anayesahau taa zikiwaka saa nyingi, na hilo pia linatibika kwa mazoea ya kuzima.

4. Yaliyowapata wenzetu wa ng'ambo

Marekani ndiko vifaa hivi vilikoenea mapema, na huko yapo mafunzo.

Kulikuwa na kifaa kilichoitwa Revolv, kilichouzwa dola 300. Kazi yake ilikuwa kuunganisha taa, vitasa na vifaa vingine vya nyumba. Wanunuzi waliahidiwa huduma ya maisha. Mwaka 2014 kampuni ya Nest, ambayo ni mali ya Google, iliinunua Revolv. Tarehe 15 Mei 2016 kompyuta zake zikazimwa. Vifaa havikuwa vimeharibika, havikuwa vimeanguka wala kulowa maji, lakini kuanzia siku hiyo havikuwa na kazi yoyote. Hayo "maisha" yaliyoahidiwa yalikuwa ya kampuni.

Agosti 2017 kampuni ya LockState ilipeleka programu mpya kwenye vitasa vyake kupitia intaneti. Programu ilikuwa na kasoro, na vitasa kama 500 vikaacha kupokea namba za kufungulia. Ilibidi virudishwe kwa kampuni. Kilichowaokoa wenye nyumba ni tundu la ufunguo wa kawaida, ambalo watengenezaji walikuwa wameliacha kwenye kitasa.

Tarehe 20 Oktoba 2025 palitokea hitilafu kwenye kompyuta za Amazon zilizoko jimbo la Virginia. Kamera za Ring zikasita, na vipaza sauti vya Alexa vikawa kimya. Hata baadhi ya wenye vitanda vya kampuni ya Eight Sleep, vitanda vya gharama kubwa vinavyopashwa joto na kupozwa kwa simu, walishindwa kubadili joto la vitanda vyao wenyewe.

Lakini tutende haki. Tarehe 25 Oktoba mwaka huo huo wa 2025 Google iliacha kuvihudumia vidhibiti joto vya Nest vya miaka ya 2011 na 2012. Havikuweza tena kuongozwa kwa simu. Hata hivyo, mwenye nyumba aliweza kuendelea kuvizungusha kwa mkono ukutani na nyumba ikapata joto. Huo ndio mfano wa kushika: kifaa kikipoteza akili ya mbali, je, kazi yake ya msingi inabaki?

5. Macho na masikio ndani ya nyumba

Kamera inamwona mwizi, ni kweli. Inamwona pia mke, mtoto na mgeni, na picha hizo huenda kuhifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani iliishtaki kampuni ya Ring, nayo ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Tume ilieleza kwamba mfanyakazi mmoja wa kampuni hiyo, katika mwaka 2017, alitazama maelfu ya picha za video za wateja wanawake wasiopungua 81, nyingine zikiwa za vyumba vya kulala na bafu. Mwenye nyumba alinunua kamera ili alinde mlango, naye akawa amemfungulia mgeni dirisha.

Kuna hatari ya pili. Tarehe 21 Oktoba 2016 tovuti kubwa nyingi za Marekani zilishindwa kupatikana kwa saa kadhaa. Waliofanya uharibifu huo walitumia maelfu ya kamera na vifaa vya nyumbani vya watu wasiojua lolote. Waliviingilia kwa urahisi kwa sababu neno la siri lilikuwa ni lile lile lililowekwa kiwandani, na hakuna aliyelibadilisha. Uingereza, kuanzia tarehe 29 Aprili 2024, sheria inakataza kuuza vifaa vyenye maneno ya siri mepesi ya namna hiyo, na inamtaka mtengenezaji aseme atakihudumia kifaa kwa muda gani. Boksi lililokuja kwa njia ya sokoni halina ahadi hiyo, kwa hiyo tujilinde wenyewe.

6. Tunavyo tayari: mita na sola

Tusidhani kwamba jambo hili liko ng'ambo tu. Mita ya kulipia kabla, ambayo Uganda tunaiita Yaka, Tanzania LUKU, na Kenya tunasema tokeni, ni kifaa chenye akili. Lakini akili yake imo ndani ya mita. Zile tarakimu 20 huchambuliwa na mita yenyewe bila intaneti, kwa hiyo ukiwa nazo mkononi unaziingiza na taa zinawaka hata kama simu haishiki mtandao. Nayo ina ukomo wake: hesabu ya muda iliyomo katika mita hizo ilikuwa ifikie mwisho tarehe 24 Novemba 2024, na ndiyo sababu wateja wa nchi nyingi walitakiwa kuingiza namba mbili za ziada ili mita ziendelee kupokea umeme mpya. Kazi ilikuwa ya kubonyeza tu, na mita haikutupwa.

Sola ya mkopo ni mfano mwingine. Kampuni ya M-KOPA ilianza Kenya mwaka 2012 na baadaye ikaingia Uganda. Mtambo wake wa sola ulikuwa na laini ya simu ndani. Mteja alilipa kila siku kwa simu, na asipolipa mtambo ulifungwa kutoka mbali. Akimaliza deni ulifunguliwa ukawa wake kabisa. Watu wengi wasio na hati ya shamba wala dhamana walipata taa kwa njia hiyo, na hatuwezi kuidharau. Ila tofauti iko wazi: pale mteja alijua tangu mwanzo nani ameshika swichi, kwa nini, na mpaka lini.

7. Vinapofaa

Mtu asiyeweza kutembea au kunyoosha mkono, akiweza kuwasha taa kwa sauti, amepata uhuru ambao swichi ya ukutani haimpi. Anayeishi peke yake mbali na watoto wake anaweza kuhitaji kamera mlangoni. Penye haja ya kweli, gharama ina maana. Penye haja inayotimizwa na kitu rahisi, cha kawaida ndicho bora, kwa kuwa fundi wa mtaani anakijua na kipuri chake kipo dukani.

8. Kabla ya kutoa fedha, uliza

(a) Je, intaneti ikikatika kitafanya kazi?
(b) Je, kina swichi au ufunguo wa mkono?
(c) Je, kuna malipo ya kila mwezi baada ya kukinunua, ikiwa ni pamoja na bando?
(d) Je, kitahudumiwa mpaka mwaka gani, na nani anaweza kukitengeneza hapa?
(e) Je, picha na sauti zinahifadhiwa wapi, na neno la siri naweza kulibadilisha?
(f) Je, kitu cha kawaida hakiwezi kufanya kazi hii?

Mwenzetu alijibu maswali hayo mbele ya darasa kwa kitasa alichotaka kukopa. Kilishindwa kwenye (a), (b) na (c). Hakukopa. Alinunua komeo la chuma na kufuli nzuri, akamwita fundi afunge taa ya nje. Balbu za binti yake anazitumia kwa swichi ya ukutani, nazo zinawaka vizuri. Kamera ameielekeza uwanjani wala si ndani, na neno la siri amelibadilisha. Kwa bibi yake mgonjwa wa magoti, fundi aliteremsha swichi ya kamba mpaka kando ya kitanda. Sasa hamwiti mtu tena usiku.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa mswala upitao. Hawakukataza kununua mswala. Walitaka tujue kwanza kama unapita.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Taja vifaa vitatu nyumbani kwako. Kipi kingesimama kama kampuni ya mbali ingefunga kazi leo?
2. Piga hesabu ya uniti za taa zako kwa mwaka, kama tulivyofanya katika sehemu ya 3.
3. Je, chama cha akiba na mikopo kidai majibu ya maswali ya sehemu ya 8 kabla ya kutoa mkopo wa kifaa? Toeni sababu.