Somo: Tuko wangapi? Ramani za watu, afya na amani



Katika somo hili tujiulize: ni nani anayejua hesabu ya watu wa kijiji chetu? Hesabu ya raia wote wa Kongo ilifanyika mara ya mwisho mwaka 1984. Wakati huo tulikuwa karibu milioni 30. Tangu hapo, mipango mingi imechukua hesabu ile na kuiongezea kidogo kila mwaka. Lakini vita vimehamisha watu. Kuna kijiji kilichobaki kitupu, na kingine kimepokea wakimbizi wengi kuliko wenyeji.

Madhara yake tunayaona. Tuseme zoni ya afya imeandika kwamba kijiji kina watoto 100, nayo inaleta chanjo ya surua ya watoto 100. Kumbe wako 180. Mama wa mtoto wa 101 anarudi nyumbani bila chanjo. Hapo maneno yanaanza: "Wamewapendelea watu wa kabila lao." Kosa la hesabu limegeuka ugomvi wa majirani. Na surua haingoji: mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020 iliua zaidi ya watu 6,000 katika nchi yetu, wengi wao watoto.

Ramani mpya zinatengenezwaje?

Mwaka 2017 na 2018 kazi hiyo ilifanyika katika majimbo 5 ya magharibi: Kinshasa, Kongo-Central, Kwango, Kwilu na Mai-Ndombe. Kwanza, wachunguzi walichagua sehemu ndogo na kuhesabu watu nyumba kwa nyumba. Pili, kompyuta ilionyesha majengo yote kwa picha za satelaiti. Tatu, wataalamu walilinganisha watu na majengo, wakakadiria hesabu ya watu katika kila mraba wenye mita 100 kila upande. Kwa njia hii, hata kijiji kilicho mbali na barabara kinaonekana.

Ramani haioni nini?

Satelaiti inaona paa, haioni watu. Haijui kama chini ya paa moja wanalala jamaa tatu waliokimbia vita, au kama nyumba ilibaki tupu baada ya picha kupigwa. Kwa hiyo ramani haifanyi kazi peke yake. Chifu, muuguzi, wamama na wawakilishi wa wakimbizi wanapaswa kuitazama pamoja na kuisahihisha.

Tuangalie pia mambo matatu. Mpaka wa eneo la afya si mpaka wa shamba wala wa uchifu. Tusiutumie kudai udongo. Tena, hesabu ya kugawa chanjo haihitaji kabila la mtu. Na mahali wakimbizi wanapojificha pasitangazwe ovyo, kwa sababu wenye silaha nao wanasoma ramani.

Kuhesabiwa ni kutambuliwa. Tukihesabu wote kwa haki, wenyeji na wageni, tunaondoa sababu moja ya kugombana.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni nani wanaosahauliwa wakati wa kuhesabu?
2. Chanjo au msaada ukipungua, tunauliza nani kabla ya kulaumu jirani?
3. Nani wakae pamoja kusahihisha hesabu yetu ili wote waiamini?